Jinsi ya kujua kijito kina afya kwa kuangalia konokono na wadudu wa chini

Maji yanaeza kuwa meupe unaona mpaka mchanga na bado kijito kinakufa, na kingine kina rangi ya chai sababu ya majani yanayooza humo na kimejaa uhai, kwa hiyo achana na rangi. Angalia wanyama wadogo wa chini, na kwa kila mmoja jiulize: huyu anapumuaje? Ukilijibu hilo, hata usipolijua jina lake, umeshajua kitu kikubwa kuhusu maji anayoishi.

Kwanza usalama. Kama uko ukanda wenye kichocho usiingie peku hata dakika moja, vaa gambuti na glavu. Vimelea hutoka ndani ya konokono kwenda majini hasa wakati wa mwanga, wale wa kichocho cha binadamu wengi wanatoka mchana, na wanapenya kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Konokono mwenye vimelea huwezi kumjua kwa macho, usijaribu kukisia.

Vifaa ni vichache: wavu wenye matundu ya nusu milimita hadi milimita moja, beseni jeupe, kijiko, brashi laini. Simama kwenye changarawe, wavu uwe upande maji yanakoelekea, afu chokoa mawe kwa mguu kama dakika tatu hivi huku ukisogea kidogo kidogo kuelekea maji yanakotoka, ili uchafu uliotibua usikuharibie sehemu ambayo hujafika. Pitia na kingo zenye majani na mizizi, maana wengine hawakai kwenye mawe kabisa. Geuza mawe machache kwa mkono, piga brashi upande wa chini. Usiende mara tu baada ya mafuriko, wengi wanakuwa wamesombwa na utadhani kijito kimekufa.

Mimina kwenye beseni na maji kidogo, weka kivulini, subiri watulie waanze kutembea.

Sasa tafuta wenye matamvua, yaani viungo vya kupumulia ndani ya maji kama vya samaki. Mabuu yenye mikia mitatu na vijani vinavyopepea pembeni ya tumbo, ukucha mmoja kila mguu, na jamaa zao wenye mikia miwili na kucha mbili kila mguu, hawa wa pili ndio wanadai oksijeni nyingi kuliko karibu wote. Wapo pia wanaojijengea vijumba vya mchanga au vijiti. Ukipata aina nyingi za hawa furahi, kijito kinapumua vizuri. Kinyume chake ni mabuu mekundu ya visubi, wekundu huo ni hemoglobini ya kushikilia oksijeni kidogo iliyopo, na yale mabuu ya nzi yenye mrija mrefu nyuma yanaouchomoza juu ya maji. Huyo wa mrija hana shida na maji hata yawe mabovu vipi, hewa yake anaivuta juu.

Konokono ndio watu wanakosea sana, wanaona wengi wanasema maji safi. Mguse mmoja ajifiche, uangalie mdomo wa gamba. Akifunga kwa kifuniko kigumu, wengi wa aina hiyo wanatumia matamvua. Asipokuwa na kifuniko, huyo ana pafu, anaeza kupanda juu kuvuta hewa, ndo maana anastahimili maji yenye oksijeni haba. Biomphalaria na Bulinus wanaobeba kichocho ni wa kundi hili la pafu. Kwa hiyo ukikuta wenye pafu tele, wa kifuniko hakuna na mabuu ya matamvua hakuna, shuku uchafu wa mbolea au maji taka. Ila usikimbilie hukumu ukiwakosa konokono wote, maji yenye tindikali au kalsiamu kidogo yanawanyima cha kujengea gamba, angalia ncha za magamba kama zimelika.

Mtu atakuuliza si upime tu oksijeni kwa mashine? Pima, ila ukipima mchana mwani unakuwa unaitengeneza, na alfajiri, baada ya usiku mzima mimea na bakteria kuitumia, inaeza kushuka vibaya, na wewe alfajiri haukuwepo, mabuu yalikuwepo. Joto nalo lina kazi yake, lita ya maji ya nyuzi 10 inashika kama miligramu 11 za oksijeni, kwenye nyuzi 30 ni kama 7 na nusu tu. Ndo maana usilinganishe kijito cha mlimani na bwawa lililotulia. Linganisha sehemu mbili za kijito kilekile, juu na chini ya bomba unaloshuku, ziwe na mawe na kasi ya maji inayofanana.

Ukimaliza warudishe palepale ulipowatoa. Kabla ya kwenda kijito kingine osha wavu na buti, toa tope lote, kausha kabisa juani. Hapa usifanye haraka haraka, konokono mdogo wa tope kutoka Nyuzilandi amesambaa mabara mengine, anajifunga kwa kifuniko chake akaishi siku kadhaa kwenye kifaa chenye unyevu, na jike mmoja anazaa bila dume.