Gari yako ni ya batani? Fanya haya kabla hawajaondoka nayo usiku

Kama gari yako unafungua bila kutoa rimoti mfukoni na kuwasha ni kubonyeza batani tu, naomba usome hii mpaka mwisho, maana wengi wanadhani mwizi lazima avunje kioo au achokonoe kitasa, kumbe hizi zinaondoka kimya kimya, alamu haijalia, kioo kizima, asubuhi unakuta nafasi tupu na rimoti zote mbili unazo mkononi.

Elewa kwanza inavyokuwa, la sivyo utanunua kinga isiyokusaidia. Ukishika kitasa gari inatuma mawimbi ya chini, kama 125 kHz, yanafika mita 1 au 2 tu, rimoti ikiyasikia inajibu kwa 315 au 433 MHz, hayo yanaenda mbali zaidi. Gari nyingi hazipimi umbali, zenyewe zinaamini tu kwamba rimoti ikijibu basi iko hapo hapo. Ndo wezi wanapoingilia sasa. Wanakuja wawili, mmoja anasimama na gari, mwenzake anapitisha antena mlangoni kwako akitafuta rimoti uliyoiacha mezani, mitambo yao inabeba mawimbi ya gari mpaka ndani, rimoti inajibu, gari inajua mwenyewe kaja, inafunguka na kuwaka. Watafiti wa ETH Zurich kule Uswisi walijaribu gari 10 za makampuni 8, matokeo wakayatoa 2011, zote ziliingilika. Na ikishawaka, gari nyingi hazizimi hata rimoti ikibaki mbali, zinatoa onyo tu, maana injini ikizima ghafla barabarani watu wanaweza kufa.

Kwaiyo kazi ya kwanza ni kuifanya rimoti isisikie. Tafuta kifuko cha kuzuia mawimbi, kile chenye kitambaa cha nyuzi za chuma ndani, afu usikiamini kwa sababu ya maandishi ya nje, kipime. Weka rimoti, funga mdomo wake vizuri, nenda kasimame na gari kabisa, kifuko kiguse mlango, vuta kitasa. Ikifunguka, rudisha ulikonunua. Changu kilifaulu vizuri nikajisahau, miezi ikapita, siku moja nimekishika mkononi nagusa kitasa, gari ikafunguka! Kukigeuza ndani nikakuta kile kitambaa cha fedha kimekatika kwenye mkunjo, ufa mdogo kama ukucha. Tangu siku hiyo napima kila mwezi. Kopo la bati lenye mfuniko wa kubana nalo huwa linazuia, ila nalo pima, na tafadhali usiweke rimoti kwenye maikrowevu, mtu akiiwasha bila kujua imeungua. Na ile rimoti ya akiba je? Watu wanaficha ya mfukoni halafu ya pili iko kwenye droo karibu na mlango, hapo hujafanya kitu.

Soma pia kitabu cha gari, nyingi unaweza kuzima kabisa ile ya kujifungua yenyewe, ama kwenye menyu ya dashibodi ama kwa kubonyeza batani za rimoti kwa mpangilio wake. Rimoti zingine za karibuni zinalala zenyewe zikikaa bila kuguswa, kama yako ni hivyo umepunguza hatari sana.

Kwenye maegesho kuna ujanja mwingine, mtu anarusha mawimbi ya kuvuruga wakati unabonyeza kufunga, unaondoka gari iko wazi. Na hapa kuvuta kitasa kuhakikisha kunadanganya, rimoti iko mfukoni itakufungulia tu. Simama, ona taa zinakonyeza, sikia loki zinagonga, ndo uondoke.

Kifuko hakizuii kila kitu. Wengine wanachomeka kifaa kwenye soketi ya chini ya stelingi na kusajili rimoti mpya, na 2023 ilielezwa wazi jinsi wanavyofikia nyaya ambazo kompyuta za gari zinawasiliana kwazo, kupitia taa ya mbele, hapo rimoti yako hata haihusiki. Kwa hao mimi naamini loki ya chuma ya stelingi, inaonekana kupitia kioo na inawala muda, pamoja na swichi ya siri ya kukata umeme gari isiwake, iliyofungwa na fundi umeme unayemwamini. Kama gari ulinunua imetumika, mwambie huyo fundi asome kwenye kompyuta ya gari rimoti ngapi zimesajiliwa, ikisema 3 na wewe unazo 2, afute zote asajili zako upya siku hiyo hiyo.