Namna ya Kumsimulia Esopo Barazani Bagamoyo

Anayetaka kuwasimulia watoto wa Bagamoyo habari za Esopo na aanze na jambo ambalo wasimulizi wengi hulipitia haraka, yaani kwamba mtambaji huyu wa Ugiriki ya kale alikuwa mtumwa. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, anamtaja kuwa mtumwa wa Iadmon wa kisiwa cha Samos, na anaeleza kwamba watu wa Delphi, mji mtakatifu wa Wagiriki, walipotangaza mara kwa mara kumtafuta mtu wa kupokea fidia ya kifo cha Esopo, aliyejitokeza ni mjukuu wa Iadmon. Katika mji ambao misafara ya bara ilikuwa ikitua pembe za ndovu pamoja na watu waliokamatwa, neno "mtumwa" halihitaji maelezo marefu. Litamke kwa utulivu, wala usimwulize mtoto asili ya ukoo wake mbele ya wenzake, kwa kuwa wako wazee ambao hata leo hawapendi kuulizwa.

Sura yake mbaya na ububu wake, ambao inasemekana uliondolewa na mungu wa kike Isis, vimo katika wasifu wa kubuni ulioandikwa karne nyingi baada yake. Visimulie ukipenda, maana vinachekesha, lakini tanguliza "yasemekana". Demetrius wa Phaleron, aliyezikusanya hadithi za Esopo, na Phaedrus, aliyezitunga upya kwa mashairi ya Kilatini, ni majina ya kukusaidia wewe msimulizi. Watoto usiwachoshe nayo.

Katika kuchagua hadithi, ile ya kobe na sungura iache kwanza, kwa sababu kila mtoto ataimaliza kabla yako. Mimi huchagua ile ya mbweha na kupe, ambayo mwanafalsafa Aristotle anasema Esopo aliitoa huko Samos alipokuwa akimtetea kiongozi aliyeshtakiwa kwa kosa la kustahili kifo. Mbweha alikuwa akivuka mto, akasukumwa na maji hadi akanasa korongoni, akakaa humo siku nyingi huku kupe wamemganda mwili mzima. Kalunguyeye akapita, akamhurumia, akamwuliza kama amwondolee kupe wale, naye mbweha akakataa.

Hapo nyamaza. Waulize kwa nini amekataa, na uwape nafasi ya kutosha, kwa kuwa waliowahi kumtoa mbuzi kupe watakuwa na majibu mengi kuliko unavyodhani. Ndipo utoe jibu la mbweha: hawa wamekwisha kushiba na sasa wananyonya kidogo, lakini ukiwaondoa watakuja wengine wenye njaa, wanimalizie damu iliyobaki.

Saa nzuri ni baada ya isha, watoto wakiwa wameketi mkekani, nawe ufungue kwa "Paukwa!" na usubiri "Pakawa!" iitikiwe na wote. Funzo la mwishoni usilisome hata likiwa limechapishwa kitabuni, kwa sababu mengi ya mafunzo hayo yaliongezwa na wakusanyaji. Wakianza kubishana kama mbweha alikuwa na akili au alikuwa mwoga tu, usiwaamulie. Kesi ile ya Samos, ambamo Esopo aliwaambia waamuzi kwamba mshtakiwa amekwisha kutajirika na kwamba wakimwua watakuja maskini wengine kuwaibia kilichobaki, waambie wakubwa peke yao, maana kufikia hapo wadogo watakuwa wamekwisha kulala.