Umechukua franchaizi ya mgahawa? Kufundisha wafanyakazi ni kazi yako

Watu wengi wakishasaini mkataba wa franchaizi, yaani ruhusa ya kuendesha duka lako kwa jina na mfumo wa kampuni nyingine, iwe ya kuku, piza ama baga, wanafikiri kampuni mama ndio itakuja kufundisha wafanyakazi wote mpaka waive. Hapana bana. Mara nyingi kampuni inakufundisha wewe na meneja wako, inakuachia manweli (vitabu vya maelekezo) na wakufunzi wa kukaa nanyi siku za kufungua, wakishaondoka kila kijana anayeingia hapo ni wako, wewe ndio mwajiri wake na akiungua ama akimpa mteja kuku mbichi wewe ndio utaitwa. Hata McDonald's, wenye chuo chao cha Hamburger University tangu 1961, wanaosomea huko ni mameneja na wenye franchaizi, yule wa kukaanga chipsi anafundishiwa palepale dukani.

Kwa hivyo kabla hujasaini soma ile sehemu ya mafunzo polepole, uliza nauli na malazi ya meneja akienda kozi ni ya nani, mshahara wake wa hizo wiki ni wa nani, na menyu ikibadilika nani anarudi kuwafundisha. Mara nyingi jibu ni wewe, sasa weka hiyo pesa kwenye bajeti mapema, isikupate ukiwa umeshamaliza kununua mafriji.

Kwa sisi wa Kenya, anza na cheti cha afya. Kila anayeshika chakula lazima apimwe na cheti kinaisha baada ya miezi 6, kwa hivyo andika tarehe za kila mtu kwenye kalenda ya ofisini, usingoje maafisa wa kaunti waje kukukumbusha.

Halafu chagua mtu mmoja kwa kila shifti awe mkufunzi, si lazima awe ndiye mwenye kasi zaidi, tafuta mwenye subira, na umwongeze kitu kidogo kwenye mshahara maana ukimpa kazi mbili kwa malipo ya moja atafundisha kwa kununa. Na saa za mafunzo zilipwe, tafadhali, huyo kijana amelipa matatu kuja kwako.

Mimi niliwahi kuwa msimamizi wa shifti mahali fulani, Ijumaa jioni foleni imefika mlangoni, mwenye duka akamweka kwenye fraya, ile mashine ya kukaangia kwa mafuta mengi, kijana wa siku ya pili, akamwaga chipsi zimejaa barafu kwenye mafuta moto, mafuta yakaruka mpaka mkononi. Mwenzake akakimbilia dawa ya meno. Hakuna aliyekuwa ameambiwa kwamba kidonda cha moto ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20, basi. Bado naumia nikikumbuka. Kwa hivyo fraya iwe ya mwisho kufundishwa, na kabla ya mtu kuigusa ajue mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji kamwe, unazima gesi ama umeme na kufunika kama unaweza kufika bila kujiumiza, na ajue ile mitungi ya kuzimia moto ni ipi ya mafuta.

Namna ya kufundisha ni mfanyie akiona, afanye ukiona, halafu akueleze kwa nini. Hapo kwenye kwa nini ndio wengi wanaruka. Mwambie tu kuku afike digrii 74 ndani atasahau, lakini mwambie vijidudu vya salmonella vinakufa hapo, mpe kipimajoto achome pale nyama ni nene pasiguse mfupa, kesho atapima bila kusukumwa. Friji chini ya digrii 5, mikono inaoshwa kwa sabuni sekunde 20, ubao wa kuku mbichi hauguswi na saladi. Na wa kaunta afundishwe mteja akiuliza kama kuna karanga asikisie, maana kuna wanaodhurika nazo, aende jikoni aulize.

Kila somo likiisha mfanyakazi na mkufunzi wasaini na tarehe, uweke faili, siku ya ukaguzi wa kampuni ama ajali hiyo karatasi ndio itakuongelea. Na ile tozo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi unayolipa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, usiisahau huko, ukiomba idhini kabla ya kozi unaweza kurudishiwa sehemu ya gharama. Ukienda baada ya kozi kuisha utakuwa umechelewa.