Empanada za nyama: acha nyama ipoe kwanza

Nyama ya kujazia empanada, yaani vitafunio vya unga uliokunjwa na kujazwa kama sambusa, usiifungie ikiwa bado ya moto. Joto hulegeza unga, mafuta yanavuja, na kingo zinaachia ndani ya oveni. Argentina wengi huipika mapema, wakaiweka kwenye friji mpaka mafuta yagande. Hapo unaichota kwa kijiko bila kumwaga chochote, na ikishaokwa mafuta yanayeyuka humo humo. Ukiuma tu, mchuzi unatiririka.

Kule Tucumán, mkoa wa kaskazini mwa Argentina, nyama haisagwi, inakatwakatwa kwa kisu vipande vidogo sana, ikaungwa kwa vitunguu vingi, bizari nyembamba na paprika, kisha yai la kuchemsha na majani ya vitunguu. Mkoa jirani wa Salta wanaongeza viazi. Mimi hizo za Salta ndizo nazipenda zaidi, maana kiazi kinafyonza ule mchuzi wote.

Asiyekula nyama ajaze humita, yaani mahindi mabichi yaliyopikwa yakawa mazito, au jibini na vitunguu. Za jibini usizishindilie, zitapasuka.

Lowesha ukingo kwa maji kidogo, kunja, bana kwa vidole. Oveni iwe kali, nyuzi 220 hivi, mpaka juu patoke madoa ya kahawia. Na unapokula, inama mbele kidogo, nguo isiingie mchuzi.