Kusoma alama za Mauser ya Ubelgiji ya 1889

Bunduki hii ndiyo iliyofanya kiwanda cha silaha cha FN (Fabrique Nationale) kianzishwe Herstal, Ubelgiji, mwaka 1889, na askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni, waliibeba huku Kongo. Utaijua haraka: mtutu umevikwa ganda jembamba la chuma, na magazini, yaani kisanduku cha risasi, imetokeza chini, mbele ya kifyatulio.

1. Hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu kwenye ukuta mtupu, inua mkono wa boliti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), vuta hadi mwisho, kisha mulika chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) na magazini, ambayo hubeba risasi 5. Boliti ikigoma, acha palepale. Usiigonge kwa nyundo, maana huenda risasi imekwama ndani. Bunduki iliyookotwa porini usiiguse, waite polisi.

2. Safisha bila kukwaruza. Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Vumbi jekundu la Lubumbashi likichanganyika na grisi ya zamani hugeuka udongo mgumu ndani ya herufi. Lowanisha kitambaa cha pamba kwa mafuta ya taa, kilaze juu kwa nusu saa, kisha chokoa taratibu kwa njiti ya meno. Msasa, brashi ya waya na asidi ya betri ni marufuku: alama haina kina kirefu, na chuma kikishalika hairudi.

Chuma kikikauka, paka unga wa chaki nyeupe ya ubaoni, halafu pangusa juu juu. Chaki hubaki ndani ya herufi. Giza chumba na ulaze tochi karibu na chuma, ukiizungusha polepole. Mwanga wa juu hudanganya. 8 iliyolika huonekana 3. Tarakimu isiyosomeka iandikie nukta, usibuni.

3. Soma juu ya chemba, pale mtutu unapoingia. HERSTAL ni FN. Ukikuta Hopkins & Allen, Norwich, usidhani ni bandia: Wajerumani walipoteka Liège, mji ulio jirani na Herstal, mwaka 1914, Ubelgiji iliagiza bunduki hizi Marekani.

4. Alama ndogo. ELG ndani ya duara la yai lenye taji juu ni alama ya kituo cha Liège cha kupima silaha, na taji hilo liliongezwa 1893. Alama hiyo inathibitisha kwamba mtutu ulipimwa, basi. Hata bunduki za kuwindia zinayo. Herufi moja yenye taji au nyota kwa kawaida ni ya mkaguzi. Ukidhani umeona FP ya Force Publique, angalia kingo kwa lenzi: herufi iliyogongwa ina kina sawa, iliyochorwa kwa msumari ina mikia.

5. Linganisha namba za chemba, boliti na mtutu. Zikitofautiana, vipuri vimechanganywa, na tarehe ya kipande kimoja haisemi lolote kuhusu kingine.

6. Piga picha kila alama ukiwa umeweka rula kando yake, kisha futa chaki yote na upake mafuta membamba. Chaki hunyonya unyevu. Ikibaki hadi masika, kutu huanzia ndani ya herufi zilezile.