Kabla Hujapiga Kura ya Novemba Arizona: Anza na Sahihi Yako

Kama wewe si raia wa Marekani, usijiandikishe kupiga kura. Grini kadi haikupi haki hiyo. Karani wa leseni ya udereva akikuuliza kwa upole kama unataka kujiandikisha, na wewe umezoea kuitikia ndiyo kwa kila swali la ofisini, hapo jibu hapana. Wapo waliofukuzwa nchini kwa sababu ya alama moja waliyoiweka kwenye kisanduku kisichowahusu.

Raia, jiandikishe mapema. Daftari hufungwa siku 29 kabla; kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026, hiyo ni Oktoba 5. Sisi tuliopata uraia ukubwani tuna tatizo letu la peke yetu. Arizona inadai uthibitisho wa uraia tangu wapiga kura walipopitisha hoja namba 200 mwaka 2004 (hoja ni pendekezo la sheria au la katiba linaloamuliwa kwa kura ya wananchi wenyewe). Ukiwa bado unatembea na leseni uliyopewa enzi za grini kadi, kumbukumbu za serikali zinakuhesabu mgeni. Peleka namba ya hati yako ya uraia au nakala ya pasipoti. Ukipuuza, unaweza kukataliwa, au ukaachiwa nafasi za kitaifa tu: utachagua mbunge wa kwenda Washington, lakini gavana na hoja zote za jimbo hutaziona kwenye karatasi yako.

Ukiamua kwenda kituoni, beba kitambulisho chenye picha, jina na anwani ya unakoishi sasa, si ya nyumba uliyohama. Fulana ya mgombea iache nyumbani, kampeni hairuhusiwi ndani ya futi 75 kutoka kituoni.

Sasa karatasi yenyewe. Ni ndefu, na asiyeisoma nyumbani huchoka nusu ya njia. Uchaguzi wa katikati ya muhula wa rais ndio Arizona inachagua karibu viongozi wote wa jimbo: gavana, katibu wa jimbo, mwanasheria mkuu, mweka hazina, msimamizi wa elimu, hata mkaguzi wa migodi. Mwaka 2026 gavana anasimama pamoja na naibu gavana kwa mara ya kwanza, kwa sababu wapiga kura walikubali hoja namba 131 mwaka 2022. Usiruke tume iitwayo Corporation Commission. Jina lake halisemi kitu, lakini ndiyo inayopanga bei za kampuni binafsi za umeme, na mwaka 2023 Phoenix ilipitia siku 31 mfululizo za nyuzi 110 za Fahrenheit au zaidi. Katika joto hilo bili ya umeme ni suala la uhai. Mwishoni utakuta majaji, ambao hawashindani na mtu; wewe unasema wabaki au waondoke.

Hoja zinawatisha watu kuliko wagombea, na mimi nasema ndizo za kusoma kwanza. Namba yenyewe inakupa habari. Inayoanza na 1 inagusa katiba ya jimbo. Inayoanza na 2 ni sheria iliyoletwa na wananchi kwa kukusanya saini. Inayoanza na 3 imetoka kwenye bunge la jimbo, na 4 ni ya mji, kaunti au shule za eneo lako. Kilichopitishwa na wananchi bunge haliwezi kukifuta kirahisi, kwa hiyo kosa la leo utaishi nalo. Mwaka 2022 zilikuwa hoja kumi. Moja, namba 209, ilishusha kiwango cha juu cha riba ya madeni ya hospitali kutoka asilimia 10 hadi 3. Ni familia ngapi za kwetu zinalipa madeni hayo! Serikali hutuma kijitabu chenye hoja zote kwa kila nyumba yenye mpiga kura. Anza na uchambuzi wa wataalamu wa bunge, kwa maana zile barua za kuunga mkono na kupinga wenyewe wamelipia nafasi zao.

Kama unapiga kura kwa posta, keti, hapa pana maneno.

Mwaka 2022 shangazi yangu alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Alitoka Kivu, akakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, akaletwa Arizona, akakariri maswali ya uraia jikoni kwake mpaka akaapa. Karatasi ilipofika tulikaa mezani jioni mbili. Mimi nilisoma na kutafsiri, yeye aliamua. Hoja namba 308, iliyotaka vijana wasio na vibali waliosoma sekondari hapa walipe ada ya chuo kama wakazi wengine, alinisomesha mara tatu, akakaa kimya, kisha akajaza. Najua aliwaza watoto gani. Hoja ile ilipita, kwa asilimia 51 na kidogo.

Kisha akatia sahihi kwenye bahasha, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Sahihi iliyokuwa kwenye kumbukumbu zake ni ile ya kitambulisho cha zamani: herufi kubwa, moja moja, kama alivyofundishwa kambini. Lakini mjukuu wake alikuwa amemfundisha mwandiko wa kuunganisha, na shangazi aliipenda sana sahihi yake mpya. Aliiandika polepole, nzuri, ndefu. Mkaguzi aliyelinganisha aliona watu wawili.

Walimpigia simu. Hakupokea, maana sisi wenyewe tulikuwa tumemkataza kupokea namba asizozijua kwa hofu ya matapeli. Wakaandika barua. Ilifika siku zile sanduku limejaa picha za wagombea, ikawekwa nao kwenye kapu. Niliifungua mimi, muda wa kurekebisha ukiwa umeshapita.

Wiki zile zile jimbo zima lilikuwa linasubiri mwanasheria mkuu. Kris Mayes alikuwa mbele ya Abe Hamadeh kwa kura 511. Zikahesabiwa upya, tofauti ikabaki 280, katika kura zipatazo milioni mbili na nusu. Shangazi aliniuliza kama ya kwake imo. Ilibidi nimwambie haimo.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa leseni yako, itazame sahihi, na uiandike hiyo hiyo. Kama mkono umebadilika kwa uzee, kiharusi au mafunzo, jaza upya fomu ya uandikishaji kwa sahihi ya sasa kabla daftari halijafungwa. Andika kwenye bahasha namba ya simu inayopokelewa, na kama mzee hajui Kiingereza, awepo mtu wa kumpokelea. Ukiambiwa sahihi hazifanani, una siku tano tu baada ya uchaguzi, na sasa wikiendi nazo zinahesabiwa. Bahasha isiyo na sahihi kabisa ni mbaya zaidi, mwisho wake ni saa moja jioni siku ya uchaguzi. Jiunge na huduma ya ujumbe wa simu inayokuarifu kura imefika na imekubaliwa. Usilale mpaka uone imekubaliwa.

Saa moja hiyo ya jioni ndiyo mwisho wa kura zote za posta kufika. Muhuri wa posta hausaidii chochote. Zikibaki siku chache, peleka mwenyewe kwenye sanduku rasmi.

Na tafadhali, usikusanye kura za majirani baada ya ibada, hata kama umefanya kwa nia njema. Tangu 2016 sheria ya Arizona inaruhusu kurudisha kura ya ndugu, ya mnayeishi naye nyumba moja au ya mgonjwa unayemtunza tu. Nje ya hapo ni jinai, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliibariki sheria hiyo mwaka 2021. Kusaidiwa kusoma ni jambo lingine. Karatasi hazichapwi kwa Kiswahili, lakini sheria ya taifa inakupa haki ya kuingia na mtu unayemwamini akutafsirie, mradi si mwajiri wako wala mwakilishi wa chama chako cha wafanyakazi.

Jihadhari pia na tafsiri za hoja zinazozunguka kwenye WhatsApp bila jina la aliyezitafsiri. Jihadhari na anayekuambia unaweza kupiga kura kwa simu, au kwamba siku imesogezwa. Usimpe mtu bahasha tupu yenye sahihi yako. Tumia kalamu nyeusi au ya bluu. Mwombe msimamizi wa kazi ruhusa mapema, na beba maji, maana Novemba jua la huku bado kali na foleni huwa ndefu.