Unataka kuandika upya Snow White iwe ya kutisha? Anza na toleo la zamani

Wengi wakitaka kuandika upya hadithi za kale kama Snow White kwa ajili ya vijana wanachukua ile ya kwenye katuni afu wanaongeza damu, na hapo ndo stori inapoharibika, maana msomaji wa miaka 16 anashtuka mara moja tu, sura ya pili keshazoea. Tafuta kwanza toleo la zamani ulisome lote, utisho upo kule tayari.

Mfano Snow White. Kwenye toleo la kwanza la ndugu Grimm, wale Wajerumani wawili waliokusanya hadithi, 1812, anayetaka kumuua mtoto ni mama yake mzazi kabisa, mama wa kambo kaingizwa 1819. Mtoto ana miaka 7. Mama anamtuma mwindaji alete mapafu na ini, vinapikwa na chumvi, anakula akiamini ni vya mwanae. Sasa we mrudishe yule mama mzazi, binti mpandishe umri, hapo huhitaji hata zimwi.

Kisha angalia mahali hadithi inapopita haraka haraka bila kueleza, maana hapo ndo pa kuingilia. Mwishoni yule mama, ambaye ni malkia, anakuja kwenye harusi ya binti, viatu vya chuma vimeshawekwa kwenye makaa, anavishwa, anacheza mpaka anakufa. Nani kaviagiza? Grimm hawasemi! Na bibi harusi yupo palepale anaangalia. Kama kaagiza yeye ni kitabu kimoja, kama kaagiza mume na yeye akanyamaza ni kitabu kingine kabisa, chagua kabla hujaandika sura ya kwanza kwa sababu kila kitu kitaelekea huko.

Ukifika kwenye tukio lenyewe usiandike "aliogopa sana", andika kitu kinachoonekana, kwa mfano binti akisimulia: *Mpiga zeze aliacha kupiga, mama akawa bado anaruka. Akanitazama mimi. Nikamwambia, endelea.* Basi, inatosha, usieleze moyo wa binti ulikuwaje.

Uchawi nao uwe na bei, na bei ijulikane mapema. Nguva wa Andersen, mwandishi wa Denmark, 1837, anaambiwa kabisa kwamba ulimi utakatwa na kila hatua atakayokanyaga itamchoma kama kisu, na bado anakubali, ndo maana inauma kuisoma. Na mwokozi muondoe. Kwa Perrault, mwandishi Mfaransa, 1697, mbwa mwitu anamla binti wa kofia nyekundu na hadithi inaishia hapo, mwindaji anayempasua mbwa mwitu kwa mkasi na kumtoa binti ni wa Grimm. Kama binti yako atatoka, atoke kwa akili yake.

Kitu kimoja nakuomba sana, anayemfungia binti au kumpiga usimgeuze kuwa mchumba wa kutamaniwa, wanaosoma wengine wako kwenye hali hiyo hiyo nyumbani.

Kuhusu haki miliki, maandishi ya Grimm na Perrault yako huru, ila majina ya vijeba saba ya kwenye filamu ya Disney ya 1937 usiyaguse, Grimm hawakuwapa majina, kwa hiyo wape ya kwako.